Ubahili wa Mpare na Pakiti ya Tangawizi

Watani wetu husema Mpare huuza ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani kudai kuku. Nimeusikia utani huu tangu utotoni, na siku hizi siukatai tena, maana nimeona mahali ambapo ubahili wetu ungetufaa sana na ndipo hapo hapo tunapoutupa. Ni kwenye kifungashio. Mtu amelima tangawizi Mamba Miamba kwa jembe la mkono na maji ya mfereji, amevuna, ameosha, amekata, ameanika na kusaga, na hesabu ya kila shilingi anayo kichwani. Akifika dukani kununua mifuko ya kutilia unga ule, hesabu inamtoka. Anautaka mfuko unaong'aa, wenye zipu, wenye dirisha, wenye picha ya mlima ambao hata si wetu.

Vikundi vya akina mama na vijana wanaosindika mazao wilayani Same huniuliza swali moja: tutapata wapi vifungashio vizuri? Nami huwarudishia swali: chakula chako kinaogopa nini? Tangawizi mbichi inaogopa jasho lake yenyewe. Unga wake unaogopa unyevu, mwanga na hewa. Maharage yanaogopa wadudu, asali inaogopa maji, ndizi inaogopa kugongwa. Ukishamjua adui, kifungashio karibu kinajichagua chenyewe, na mara nyingi si kile cha bei kubwa.

Lakini kabla ya pakiti kuna gunia, na hapo sina budi kukaa kidogo.

Tunapenda kuandika kwenye lebo kwamba bidhaa yetu imelimwa kwa haki, mkulima amelipwa vizuri, ardhi haikuumizwa. Maneno mazuri. Sasa nenda shambani siku ya mnunuzi, utazame gunia. Kanuni za vipimo haziruhusu gunia la mazao ya shambani kuzidi kilo 100, lakini nani asiyeijua lumbesa? Gunia linajazwa, linashindiliwa, kisha linaongezwa kichwa kinachofumwa kwa kamba, na bei inabaki ya gunia moja. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka milimani hadi Same, kwenye ofisi za serikali ya kikoloni, kupinga kodi ya mbiru, kodi iliyokadiriwa kwa kipimo ambacho mlipaji hakukielewa. Wajukuu zao leo wanauza kwa kipimo ambacho hata mnunuzi haoni haja ya kukieleza. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kuhusu kifungashio hauhusu karatasi wala plastiki. Kikundi kinunue mizani, kiipeleke ikahakikiwe na Wakala wa Vipimo, kisha kiamue kutumia magunia ya kilo 50 tu. Gunia la kilo 50 halina nafasi ya ujanja, watu wawili wanalibeba kwenye njia za milimani bila kuvunjika mgongo, na tangawizi iliyo chini haipondwi na iliyo juu. Pakiti yenye maneno ya haki iliyojazwa kutoka kwenye lumbesa ni uongo uliopigwa chapa.

Jambo la pili ni hali ya hewa. Wilaya hii ina nchi mbili ndani yake. Juu kuna ukungu, mvua na misitu ya Chome, chini ya kilele cha Shengena chenye urefu wa zaidi ya mita 2,400. Chini kuna mji wa Same, mkavu, wenye vumbi, jua na mbuzi wengi kuliko kivuli. Mzigo unaotoka Mamba Miamba asubuhi ukiwa na baridi hufika tambarare mchana, unakaa kwenye paa la gari au kwenye banda la bati, kisha unasafirishwa hadi Dar es Salaam kwenye joto la pwani lenye unyevu. Kifungashio kilichobuniwa kwenye kompyuta hakijawahi kufanya safari hiyo. Tangawizi mbichi ukiifunga kwenye nailoni huku juu, ikifika chini inatoa jasho, na jasho likikosa pa kutokea huzaa ukungu au kuotesha vichipukizi. Inataka kupumua. Tenga lililotandikwa majani makavu ya mgomba linaifaa, na gunia lenye matundu linaifaa. Kama kikundi kina uwezo, kreti ngumu za plastiki zinazorudi kila safari zinafaa kuliko vyote, maana hupangwa moja juu ya nyingine bila kubana kilichomo. Ndiyo, nimesema plastiki. Kreti inayofanya kazi misimu mingi hainisumbui hata kidogo. Kinachonisumbua ni mfuko unaofanya kazi dakika kumi.

Sasa niungame. Wakati fulani mimi na wenzangu tulifunga unga wa tangawizi kwenye mifuko ya kaki yenye dirisha dogo mbele. Ilipendeza kweli. Watu waliisifia, wakasema sasa mmeachana na plastiki. Mvua za masika zilipoanza, unga uliokuwa dukani ulianza kuganda madonge, na upande wa dirishani rangi ilififia. Nilipochana mfuko mmoja kwa hasira ndipo nikaona kitu ambacho ningepaswa kukiona siku ya kununua: ndani ya ile kaki kulikuwa na utando mwembamba wa plastiki uliogandishwa kwenye karatasi. Tulikuwa tumelipia karatasi na plastiki kwa pamoja, vitu ambavyo huku kwetu hakuna mtu wa kuvitenganisha. Haviozi kama karatasi, na hakuna anayevinunua kama plastiki.

Hili ni kosa la wengi, na sababu yake ni rangi. Tumefundishwa kwamba rangi ya udongo ni rangi ya usafi wa mazingira. Kabla hujanunua mfuko wowote wa kaki, uchane mmoja. Ukichanika kama bahasha, ni karatasi, na hautauhifadhi unga kwa muda mrefu, kwa sababu karatasi tupu hupitisha unyevu na hutoa harufu nje, na tangawizi bila harufu ni nini? Ukivutika kabla ya kuchanika, una plastiki ndani, basi usiuite wa karatasi. Ndivyo ilivyo pia kwa ile mifuko ya kubebea iliyokuja baada ya serikali kupiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Tunaiita mifuko mbadala, tunaishika kama kitambaa, lakini mingi yake ni nyuzi za plastiki zilizobanwa pamoja. Ile minene inayotakiwa kufikia gramu 70 kwa mita ya mraba inatumika mara nyingi na ina maana. Ile myembamba inayochanika njiani ni marufuku ileile iliyovaa kanzu.

Tufanyeje basi na tangawizi kavu? Jibu langu la kibahili: usiisage. Vipande vikavu hushika harufu kwa muda mrefu kuliko unga, kwa sababu mafuta yake bado yamo ndani ya nyama ya mzizi. Vinavumilia kifungashio cha kawaida zaidi, na mteja anaona kwa macho kwamba hukuchanganya unga wa mahindi. Ili upate kilo moja ya tangawizi kavu unahitaji kilo nne hadi sita za mbichi, kwa hiyo kila gramu unayoiokoa isiharibike ni jasho la mtu. Kausha mpaka unyevu usizidi asilimia 12. Kama huna kipimo, kunja kipande: kikipinda bado, kikikatika kwa mlio kiko tayari, ingawa ukitaka kuuza madukani tafuta kipimo chenyewe. Acha kipoe kabisa kabla ya kufunga. Watu wengi hufunga kikiwa bado na joto la jua, na lile joto hugeuka maji ndani ya pakiti.

Ukilazimika kuuza unga, chagua kitu cha aina moja tu ya malighafi. Chupa ya kioo yenye kifuniko kinachobana ni bora kwa harufu, ila ni nzito na inaogopa barabara zetu. Kopo gumu la plastiki lenye namba 1 ndani ya pembetatu kwenye kitako si la kudharau. Nitawashangaza wapenda mazingira, lakini kigezo changu ni waokota makopo. Tazama wanachookota na wanachoruka wanapopita mitaa ya Dar es Salaam. Chupa na makopo ya namba 1 wanaokota, kwa sababu kuna mtu anayenunua kwa kilo. Pakiti zinazong'aa zenye tabaka la karatasi ya fedha ndani wanaziacha mtaroni. Muokota makopo hajasoma kitabu chochote cha mazingira, lakini anaijua safari ya mwisho ya kila kifungashio kuliko mbunifu yeyote.

Milimani kwetu safari hiyo ni fupi zaidi. Hakuna gari la taka linalopanda Vudee au Mbaga. Taka inachomwa nyuma ya jiko au inatupwa korongoni, mvua inaichukua hadi kwenye mfereji, na mfereji unaipeleka ndivani. Ndiva ni mabwawa ya kuhifadhia maji ambayo wazee walichimba, wakagawana maji yake kwa zamu. Kuziziba kwa vifuko vya karanga ni dharau kwa kazi yao. Huko tambarare, mbuzi anamalizia kilichobaki. Kwa hiyo mtu akikuletea mfuko akakwambia unaoza, muulize unaoza wapi. Mifuko mingi ya aina hiyo inahitaji mtambo maalumu wenye joto la karibu nyuzi 60 kwa wiki nyingi. Korongo la Pare halina joto hilo.

Maharage na mahindi, yaani makande yetu yakiwa bado hayajakutana, yana hadithi nyingine. Hapa adui ni mdudu na ukungu, na ukungu si mchezo: mwaka 2016 sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu huo, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa mazao haya natetea plastiki hadharani. Mfuko wa kinga njaa, wenye matabaka mawili ya plastiki nzito ndani na kiroba nje, ukifungwa vizuri hewa huisha ndani na wadudu hufa bila dawa. Mkulima anayetaka kusema hatumii sumu ghalani hana rafiki bora kuliko mfuko huu. Asipoutoboa, anautumia msimu zaidi ya mmoja. Kwanza hakikisha punje zimekauka. Chukua chupa kavu, tia mahindi na chumvi kavu, tikisa kwa dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Mfuko huo ni wa ghalani. Wa mauzo uwe kiroba cha kawaida cha kilo 5 au 10, au karatasi nzito kwa kilo moja, kwa sababu nafaka kavu haina harufu ya kulinda.

Mchele wa Ndungu uufuate utaratibu huo huo, sina la kuongeza ila hili: andika Ndungu. Mchele wetu ukifika mjini hubatizwa jina la mkoa mwingine wenye sifa, na wenyewe tunachekelea.

Kwa asali, tumia chupa ya kioo inayorudishwa. Watanzania hatuhitaji semina juu ya jambo hili. Nani hajatumwa dukani akiwa mtoto, shilingi mkono mmoja na chupa tupu ya soda mkono wa pili? Mwambie mteja wako wa Same mjini au Moshi kwamba akirudisha chupa anapunguziwa bei, na kiasi hicho kipigie mahesabu tangu mwanzo, siyo kikutokee kama hasara. Chupa ioshwe kwa maji ya moto, ikauke kabisa, na kifuniko kiwe kipya kila mara, kwa sababu kifuniko ndicho kinachozeeka. Tone la maji lililobaki chini ya chupa linaweza kuichachusha asali yote, na asali yenye unyevu unaozidi asilimia 20 inatafuta shida hata bila tone hilo. Usitumie chupa za pombe kali zenye jina la kiwanda lililochongwa kwenye kioo. Najua zinapatikana bure. Mteja anasoma jina la mwingine akinywa asali yako.

Huwa naulizwa pia kuhusu katani, na swali hili nalipenda kwa sababu mashamba ya Makanya yapo hapo barabarani, kila basi linayapita. Mmea huu si wetu kwa asili. Richard Hindorf, Mjerumani, aliuagiza mwaka 1893, na kati ya miche elfu moja ni 62 tu iliyofika hai ikapandwa Tanganyika. Leo, zaidi ya miaka 130 baadaye, tunaishi jirani na nyuzi hizi na bado tunafunga vifurushi kwa kamba za plastiki. Gunia la katani linafaa kwa tangawizi mbichi na kahawa, ila uliza nyuzi zililainishwa kwa mafuta gani kiwandani. Mafuta ya mimea ni sawa, ya petroli yanaacha harufu kwenye chakula. Kwa pakiti ndogo, katani ifanye kazi ya kamba na lebo ya kuning'iniza. Usiitumie kugusa unga, maana nyuzi hukatika zikaingia. Na tafadhali, mambo ya kufungia maandazi na karanga kwenye magazeti na karatasi za mitihani yaishe. Wino ule haukutengenezwa ili uliwe.

Tukija kwenye lebo, watu hufikiri ni mahali pa kujisifu. Lebo ni ushahidi. Iandike bidhaa, viambato, uzito halisi bila mfuko, jina lako na mahali ulipo, tarehe ya kutengeneza na ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo na jinsi ya kuhifadhi. Namba ya toleo ndiyo inayodharauliwa kuliko yote, nayo ndiyo moyo wa kilimo cha haki. Iunganishe na daftari: toleo la 14, tangawizi ya nani, shamba gani, ilipimwa kilo ngapi, alilipwa shilingi ngapi. Mteja akilalamika, unajua pa kwenda. Mnunuzi mkubwa akiuliza kama kweli mkulima alilipwa, unafungua ukurasa.

Tangu mwaka 2019 usajili wa vyakula uko chini ya TBS, shirika la viwango, na mjasiriamali mdogo anayetambulishwa na SIDO, shirika la viwanda vidogo, amekuwa akipata nembo ya ubora bila kulipia katika miaka ya mwanzo. Basi anzia SIDO, ofisi ya mkoa iko Moshi, na nenda na sampuli ya mfuko usio na maandishi. Nimeona kikundi kilichochapisha mifuko maelfu kabla ya kuambiwa kwamba maelezo hayatoshi. Mifuko ile ilitumika kufungia mbegu.

Maneno kama "asilia", "haina kemikali" na "rafiki wa mazingira" yaache mpaka uwe na cha kuonyesha. Afrika Mashariki ina kiwango chake cha kilimo hai tangu mwaka 2007, na alama yake ni Kilimohai. Wakulima wadogo wanaweza kuipata kwa mfumo wa kukaguana wao kwa wao, na TOAM, jumuiya ya kilimo hai Tanzania, ndio wa kuwauliza. Usipokuwa nayo, eleza ulichofanya kwa lugha ya kawaida: "Imelimwa kwa samadi na maji ya mfereji, Mamba Miamba, wilaya ya Same." Sentensi hiyo hainunuliwi, na hakuna mshindani wa mbali anayeweza kuinakili.

Kuhusu urembo, anza na muhuri wa mpira na wino mmoja juu ya lebo ya karatasi. Unauchonga mara moja, unabadilisha tarehe kwa kalamu, na huna shehena ya mifuko iliyopitwa na wakati stoo. Uwanja mtupu kwenye lebo si umaskini. Ukitaka msimbo wa mistari kwa ajili ya maduka makubwa, GS1 Tanzania hutoa namba zinazoanza na 620.

Mwisho nipigie hesabu hii ya mfano. Tuseme pakiti ya gramu 100 ina tangawizi iliyomwingizia mkulima shilingi 400, mfuko wake ni shilingi 350 na stika shilingi 100. Kifungashio kimelipwa kuliko aliyelima. Hata ukiandika haki kwa herufi za dhahabu, pesa imekwenda kwingine. Ongeza ujazo uwe gramu 250, punguza rangi ziwe moja, ondoa zipu, kisha piga tena. Endelea kupunguza mpaka mkulima apate zaidi ya mfuko, na tofauti uliyookoa impe yeye.

Usinunue mifuko elfu kwa mkopo wiki hii. Nunua miwili. Ijaze, uifunge, mmoja uuache jikoni Mamba Miamba msimu wa mvua, wa pili mpe ndugu mwenye kibanda stendi ya Same auweke juani. Baada ya mwezi ifungue yote miwili, unuse.